Mkia wa Mfereji

Kuna watu wakisema wamejitolea, walio karibu nao waanze kukunja mikono ya mashati, maana watakaofanya kazi ni wao. Filimbi alikuwa mtu wa namna hiyo. Alipojitolea kusimamia viti kwenye harusi ya jirani, viti vilibebwa na wapwa zake. Alipojitolea kumpelekea mgonjwa chakula, aliyepika alikuwa mkewe, aliyebeba alikuwa mkewe, na yeye ndiye aliyeshukuriwa, kwa sababu alitangulia mlangoni na kuuliza kwa sauti kubwa kama mgonjwa amepata nafuu.

Jina la Filimbi alilipata alipokuwa msimamizi wa maegesho ya magari kwenye jengo moja la maofisi. Walimwachisha kazi kwa sababu alipuliza filimbi hata magari yalipokuwa yamesimama, na wenye ofisi za juu wakashindwa kuzungumza kwenye simu. Aliondoka na ile filimbi shingoni. Hakuna aliyemdai, kama ambavyo hakuna anayedai mswaki uliosahauliwa na mgeni.

Dada yake mkubwa alikuwa mfamasia, mwenye duka la dawa kwenye kona inayotazamana na soko. Mtaa mzima ulimwita Dada wa Dawa. Alimfahamu Filimbi tangu akibebwa mgongoni, tena mgongo wenyewe ulikuwa wake, na kwa maoni yake mtu huyo hakuwa ameongezeka kitu tangu wakati ule isipokuwa urefu. Dada wa Dawa aliyapima maneno kama alivyopima vidonge, hakuna kinachozidi wala kinachodondoka. Na kulikuwa na kitu kimoja alichokilinda kuliko funguo za duka. Kitu hicho ni jina la baba yao.

Baba yao alikuwa fundi bomba wa hospitali. Watu walimwita Mzee Taratibu, kwa kuwa hilo ndilo neno alilomwambia kila mtu: mwanafunzi wake anayekaza nati kwa hasira, watoto wanaokimbia ngazini, hata muuguzi aliyekuja akilia kwamba wodi imejaa maji. "Taratibu, mwanangu." Kisha angeinama, angegusa hapa na pale, na maji yangetii. Alipostaafu hakukaa barazani kuhesabu wapita njia. Alikwenda kwenye bustani ya mtaa, kule nyuma ya maghala ya zamani, ambako watu wasio na viwanja hupewa kila mmoja kitalu chake cha kulima. Bustani ile imegawanywa sehemu kadhaa, na kila sehemu ina kiongozi wake wa kujitolea, asiyelipwa chochote ila lawama.

Sehemu aliyopewa Mzee Taratibu ilikuwa ya mteremko, na hakuna aliyekuwa akiitaka. Bomba lilikuwa juu kabisa, vitalu vikashuka pande mbili mpaka kwenye ua wa chini. Mzee akachimba mfereji katikati kwa mkono wake, akausakafia kwa vipande vya vigae alivyoomba kwa wajenzi. Kila kitalu akakiwekea kijilango cha bati: zamu yako ikifika unakiinua, ukishanywesha unakishusha, maji yanaendelea kwa mwenzako. Halafu akaweka sharti moja, na hilo ndilo lililomjengea jina. Kitalu cha kiongozi kitakuwa cha mwisho kabisa, mkiani mwa mfereji, na kiongozi hatapata maji kwa njia nyingine yoyote ila hiyo.

"Kiongozi hunywa mwisho," alisema. "Kitalu changu kikikauka, sitamuuliza mtu. Nitaupanda mfereji mpaka nikute yalipozuiliwa, na huko nitakuta jani, au ufa, au mlafi."

Ndivyo alivyofanya kila asubuhi, suruali imekunjwa hadi magotini, akipanda mfereji mdogo mdogo kama daktari anayepita vitandani. Kuna viangazi ambavyo nyanya zake ndizo zilizokuwa za kwanza kufa, naye akala za kupewa, na hakuona aibu. Kamati ya bustani nayo ikajipatia wepesi katika sharti lile. Wakija kukagua, hawakusumbuka kuzunguka vitalu vyote. Walipita njia ya pembeni, wakafika moja kwa moja mkiani, mwenyekiti akachomeka kidole kwenye udongo wa kiongozi. Kidole kikitoka na tope, basi wote wamekunywa. Wakashukuru, wakaenda zao.

Mzee alipofariki, watu wa sehemu yake wenyewe, bila kuombwa na familia, walichonga kibao cha mbao ngumu wakakifunga kwenye nguzo karibu na bomba: SEHEMU YA MZEE TARATIBU. Wakakutana kumtafuta wa kushika nafasi yake. Kila mtu akatazama kucha zake. Ndipo Filimbi aliposimama, macho mekundu ya msiba, akasema anajitolea kuendeleza kazi ya baba yake. Watu wakapiga makofi kwa furaha ya kuokoka. Habari zilipofika dukani, Dada wa Dawa aliziweka moyoni bila kuzishangilia. Wanasema mtoto wa nyoka ni nyoka, aliwaza. Hawakusema mtoto wa fundi ni fundi.

Hakukosea.

Mtu wa kwanza kumletea ukweli alikuwa fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, mwenye kitalu katikati ya mteremko. Alikuja kununua dawa ya kuchua mgongo, akalipa, asiondoke. Alisubiri mpaka wateja wengine wakaisha.

"Dada, nisamehe kwa nitakalolisema."

"Anayeomba msamaha kabla ana jambo linalouma. Sema."

Fundi cherehani akaeleza, macho yake yakiwa kwenye mizani ya kaunta. Jumamosi kutakuwa na mkutano wa sehemu yao mbele ya kamati, na watu wamekubaliana kulishusha jina la Mzee Taratibu. Si kwa kumchukia marehemu, Mungu amrehemu. Ni kwamba jina limegeuka mzaha. Kitu chochote kinachoahidiwa kisifike, siku hizi mtaani kinaitwa maji ya Taratibu. Basi likichelewa, maji ya Taratibu. Mchumba asipotokea, maji ya Taratibu. Hata watoto wanaocheza rede barabarani mpira ukiwapita wanasema hivyo, na hawajui wanamsema nani.

Dada wa Dawa alikuwa akifunga chupa ya dawa ya kikohozi. Aliufunga mfuniko, akaufungua, akaufunga tena.

Maji, fundi cherehani aliendelea, yanaishia vitalu vya juu. Kiongozi anafungua bomba akishaamka, na kuamka kwake kunajulikana. Analifunga jua likimchoma. Wanaomwamkia "mheshimiwa" wanaachiwa vijilango wazi mpaka matuta yao yaogelee. Vigae vya mfereji vimevunjika, na mtu akitaka kuziba, filimbi inalia: matengenezo ni ya uongozi. Wamekwisha kulalamika kwa kamati mara kadhaa. Kamati imekuja, imepita njia yake ya pembeni, imechomeka kidole chake, na kidole kimetoka na tope. Wakaambiwa wao ndio wavivu.

"Hapo ndipo tunapofungwa mdomo," alisema. "Kitalu chake kimelowa, Dada. Vitunguu vyake vinang'aa kama vya kwenye kalenda. Sisi tutasema nini?"

Dada wa Dawa alimpunguzia bei ya dawa, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akamwambia aende salama. Kesho yake adhuhuri alifunga duka. Watu wa sokoni waliuliza nani amefariki.

Bustani aliikuta kama zinavyokuwa bustani za watu wa mjini wasio na nafasi: ua wa vyuma vya vitanda vibovu, miche kwenye makopo ya rangi, matairi yaliyokatwa yakiotesha mnanaa, kanga kuukuu zimefungwa kwenye miti kufukuza ndege. Juu, karibu na bomba, kiongozi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kilichoshonwa mguu kwa waya, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, filimbi kifuani. Kila upande wake kulikuwa na kibao: USIKANYAGE. ULIZA KIONGOZI. SIKU YA MAJI ITATANGAZWA. Na kwenye ile nguzo, chini ya kibao cha baba yao, alikuwa amepigilia kingine kikubwa zaidi, chenye jina lake kamili na cheo chake, kimepakwa rangi inayometa. Kibao cha baba kilikuwa na vumbi na kinyesi cha ndege.

"Dada! Karibu uone milki," Filimbi alisema bila kusimama. Kisha akakumbuka malezi, akasimama nusu.

"Nimekuja kuona vitunguu."

Akapuliza filimbi kumwondoa njiani babu mmoja aliyekuwa ameinama akipalilia kitalu chake mwenyewe, ili dada apite. Babu hakugeuka. Alikuwa amezoea, kama mtu anayeishi karibu na reli.

Filimbi alitaka kumpitisha njia ya pembeni, yenye kivuli, anayopita kamati. Dada wa Dawa alivua viatu, akavishika mkononi, akaingia mferejini. Alimwambia kaka yake akae asije akachoka. Kejeli zilikuwa zikimpita Filimbi kama maji yanavyopita mgongo wa bata, akakaa.

Dada wa Dawa akateremka. Vitalu vya juu vilikuwa vimelowa kupita kiasi, mizizi inaoza. Baada ya hapo vigae vilianza kukosekana na udongo ukabadilika rangi. Kwenye kitalu cha fundi cherehani nyufa zilikuwa pana kiasi cha kupitisha kidole. Pilipili hoho za kinyozi, aliyekuwa na kitalu cha mwisho kabla ya mkia, zilikuwa zimejikunja kama masikio ya mtu aliyelala ubavu. Na hapo, katikati ya mfereji, kati ya kitalu cha kinyozi na kile cha kiongozi, alikuta kuku.

Kuku alikuwa amelalia mayai. Alikuwa amejitengenezea kiota cha majani makavu juu ya vigae vya Mzee Taratibu, manyoya ameyatutumua, akamtazama Dada wa Dawa kama karani anavyomtazama mtu aliyefika wakati wa kufunga. Hakuwa na nia ya kuondoka. Alikuwa mtu mzima yule kuku, mwenye makazi.

Hatua chache mbele yake, vitunguu vya Filimbi vilikuwa vimesimama wima, vya kijani, vimenenepa, udongo wake mweusi kwa maji.

Dada wa Dawa alisoma miaka mingi, lakini hakuhitaji hata mwaka mmoja kati ya hiyo kuelewa kwamba maji hayamruki kuku. Alizunguka kitalu cha kaka yake. Nyuma, kwenye ua, chini ya magunia, kulikuwa na pipa. Alikuwa bado amelishika gunia mkononi alipomwona mke wa Filimbi akiingia kwa tundu la uani, ndoo kichwani, shingo imenyooka, kanga imelowa begani. Wakatazamana.

"Wifi," alisema mwenye ndoo.

"Wifi. Tangu lini?"

Akatua ndoo, akafuta uso. Alisema mumewe alimwambia ni ya siku moja tu, kamati isije ikamkuta vibaya. Siku moja, wifi, ina watoto wengi. Bomba la nyumbani limekufa tangu zamani, mtoto wa fundi bomba hajapata nafasi ya kulitazama, kwa hiyo anachota kwa jirani. Jirani ameanza kumwitikia salamu kwa pua.

"Na wewe ukaona sawa?"

"Niliona ni jina la mkwe wangu," alisema. "Nilidhani nalifichia aibu."

Dada wa Dawa aliivuta ile ndoo karibu, akaikagua kwa macho kana kwamba anatafuta tarehe ya kuharibika.

Aliporudi juu alimpa Filimbi nafasi moja. Alimwambia, kwa sauti ya chini ili babu mwenye kupalilia asisikie, kwamba ameliona pipa. Ajiuzulu mwenyewe kabla ya Jumamosi, aseme mgongo, aseme macho, dukani mna magonjwa ya kila bei, achague. Filimbi alicheka. Akamwekea mkono begani, jambo lililomfanya dada yake aangalie ule mkono mpaka ukaondoka.

"Dada, wewe ni msomi, lakini uongozi huujui. Watu hawa ukiwapa maji yote wanakudharau. Wewe Jumamosi simama tu, sema huyu ni mtoto wa Taratibu. Basi. Nani atabisha mbele yako?" Akainama karibu. "Damu ni nzito kuliko maji."

"Basi kamwagilie hiyo."

Filimbi akacheka tena, akidhani ni utani, akamwambia asiwe na wasiwasi, ameshawaarifu watu wote kwamba dada yake atakuja kusema neno. Alikuwa ameshajitolea ulimi wa dada yake, kama alivyojitolea shingo ya mkewe.

Jioni zilizobaki Dada wa Dawa alipima jambo lile kila upande na mizani haikukaa sawa. Akinyamaza, kibao cha baba kitashushwa kwa kura, mbele za watu, kama picha ya mwizi. Akimtetea Filimbi, atakuwa amelifanya jina la mzee kuwa mfuniko wa chungu kilichooza, na harufu itatoka tu. Akimfichua, watasema familia ile inavuana nguo hadharani. Mama yao alikuwa akisema nguo chafu hufuliwa nyumbani. Sawa, mama, aliwaza akifunga mlango wa duka, lakini nyumbani kwenyewe bomba limekufa.

Jumamosi watu walijaa. Mwenyekiti wa kamati, mpima ardhi mstaafu, alifika na mwavuli na viatu vilivyong'aa hata mtu angeweza kunyolea ndevu ndani yake. Filimbi alihutubia kwa muda mrefu. Alizungumzia changamoto, mshikamano, wivu, tabia ya binadamu. Alisema yeye si mtu wa maneno. Akamalizia kwamba ushahidi uko kwenye udongo, kamati ijionee yenyewe.

Kamati ikapita njia yake ya pembeni, watu nyuma yao. Mwenyekiti akachutama mkiani, akachomeka kidole, akakitoa na tope, akakinyanyua wote wakione.

"Kumelowa," alisema. Kwa mtindo ule ule wa siku zote, kama daktari anayetangaza kwamba mgonjwa anajifanya.

Watu wakanung'unika. Fundi cherehani alitazama chini. Mke wa Filimbi, ambaye mumewe alimtaka asimame karibu naye apendeze, alikuwa amejitenga. Alikuwa ameigeuza ndoo yake juu chini akaikalia, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri basi asilojua linakwenda wapi lakini lazima alipande.

"Na dada yangu yupo," Filimbi akasema, akafungua mkono kama anayefungua pazia. "Mnamheshimu wote. Ana neno."

Dada wa Dawa alisogea mbele. Hakumtazama kaka yake. Alimwomba mwenyekiti arudi bombani, lakini si kwa njia ya kivuli. Apande mfereji, kuanzia pale mkiani.

Mwenyekiti alisema si utaratibu wao.

"Baba yangu aliupanda kila siku," alisema. "Na miguu yake ilikuwa na thamani kuliko viatu hivyo."

Mtu mmoja nyuma akakohoa ili asicheke. Mwenyekiti akafunga mwavuli, akaingia mferejini, akapiga hatua chache, akasimama. Kuku alikuwa palepale. Akanyoosha shingo akakidonoa kile kiatu kinachong'aa, mara moja, kwa adabu, kama anayebisha hodi kwa niaba ya wengine.

Kinyozi ndiye aliyesema kwanza. "Jamani, kumbe yuko huku! Tangu pilipili zijikunje sijashuka huku; nimemtafuta kuku huyu mpaka nikamshuku fundi."

"Ndiyo maana ulikuwa ukija kwangu unanusa sufuria," fundi cherehani akajibu.

Mwenyekiti alimtazama kuku, akatazama kitunguu kilichonenepa ng'ambo yake, akatazama kidole chake chenye tope. Ilimchukua muda, kwa sababu hakuwa na mazoea ya kufikiri nje ya kile kidole. "Kuku huyu," alisema hatimaye, "hajui kuogelea."

Filimbi akasema kuku ameingia asubuhi ile ile, ameletwa, ni hujuma. Na hakuwa amemaliza kusema neno hujuma, chini ya manyoya ya kuku kitu kikalia, kwa sauti nyembamba kama bawaba ya mlango: pii. Kuku akajinyanyua kidogo kutazama, na watu wote wakaona ganda lililopasuka na kichwa cha kifaranga kilicholowa. Kinyozi akasema kwa kweli asubuhi hii imekuwa na haraka. Kicheko kilichofuata kilifika mpaka kwenye maghala. Walicheka kwa ajili ya kiangazi chote, kwa ajili ya kila filimbi waliyopuliziwa, na babu wa kupalilia alicheka mpaka ikabidi ashikwe.

Dada wa Dawa peke yake hakucheka. Alingoja wamalize, kama alivyongoja wateja wenye kelele wanyamaze ndipo asome cheti cha daktari.

"Sikuja kumshtaki ndugu yangu," alisema. "Kuku amemaliza. Nimekuja kuchukua kilicho chetu. Mlitaka kupiga kura kumshusha baba yangu. Msijisumbue."

Akapanda kwa mferejini mpaka juu, watu wakimfuata, akafungua mkoba wake, akatoa bisibisi ya zamani yenye mpini wa mbao. Wazee waliitambua ile bisibisi. Akafungua skrubu moja moja, bila haraka, kila moja akiitia mfukoni. Kinyozi alitaka kumsaidia, akakataa kwa kichwa. Alipomaliza alikifuta kibao kwa leso yake mwenyewe, akakitia kwapani. Kwenye nguzo kikabaki kibao cha Filimbi peke yake, kikubwa, kinameta, kimeinama upande mmoja kwa kukosa cha kukishikilia.

"Hili jina mlimpa mtu aliyekunywa mwisho," alisema. "Siku maji yatakapofika mkiani kwa kupita humu mferejini, mje dukani mkidai. Kabla ya hapo, mtu asilitamke, wala kwa mzaha."

Filimbi alimfuata hadi kwenye lango. "Dada, umeniaibisha mbele ya watu."

"Hapana. Nimekuondolea baba. Aibu iliyobaki ni mali yako, uliipanda mwenyewe."

Akaenda. Hakusubiri kilichofuata, lakini aliletewa dukani, na kilimfanya awadharau wengine wote waliobaki. Mwenyekiti aliuliza nani atajitolea kuongoza sehemu ile. Watu waliokuwa wakilia tangu mvua zikatike wakakumbuka wagonjwa nyumbani. Mmoja alisema miguu. Kinyozi alisema ana kuku wa kulea. Ikaamuliwa, kwa kukosa mwingine, kwamba Filimbi aendelee; ila pipa liondolewe, filimbi ikae kwenye droo ya kamati, na mfereji usiguswe mpaka vifaranga vyote vianguliwe. Walirudi makwao wameridhika. Walikuwa wamepata walichokitaka, yaani mtu mwingine wa kufanya kazi.

Vitunguu vya kalenda havikuchukua muda kufa. Mke wa Filimbi hakubeba tena ndoo. Saa zile alizokuwa akichota alianza kuzimalizia kwenye benchi la duka la dawa, akimsaidia wifi yake kubandika lebo kwenye chupa. Alikuwa na mwandiko mzuri, jambo ambalo miaka yote ya ndoa hakuna aliyewahi kumuuliza.

Jioni moja, chai ikiwa imeshawekwa mezani nyuma ya kaunta, Filimbi aliingia. Suruali yake ilikuwa imekunjwa hadi magotini. Hakuwa na kofia. Aliomba plasta ya kidole, kigae kilimkata. Dada yake akampa, akaandika bei.

"Nimeziba mpaka kwa kinyozi," alisema. "Leo yamefika kwa kinyozi. Pilipili zake zimenyanyuka."

Mkewe alibandika lebo nyingine.

"Imebaki kipande kidogo. Dada, nipe kibao. Watu wakikiona watanisaidia. Na alikuwa baba yangu pia."

Dada wa Dawa alichukua birika. Alimmiminia wifi yake. Alimmiminia bibi mmoja aliyekuwa anasubiri dawa ya presha, mtu baki kabisa, akamwongezea sukari. Alijimiminia mwenyewe, akanywa kidogo, akapangusa kaunta, akamhudumia mteja wa dawa ya minyoo na kumweleza namna ya kuinywa, mara mbili, kwa kuwa hakuelewa ya kwanza. Kisha akamimina iliyobaki kwenye kikombe, akamsukumia kaka yake.

Filimbi aliionja. "Imepoa."

"Baba aliinywa imepoa maisha yake yote."

Alisimama nacho kikombe kwa muda, akitazama chini ya kaunta, ambako ncha ya ubao ilionekana nyuma ya maboksi ya pamba. Dada yake alisogeza boksi moja, ncha ikafichika. Filimbi akainywa chai yote, akaweka kikombe, akaaga kwa sauti ya kawaida. Alikuwa tayari kwenye ngazi aliposikia mawifi wale wawili wakirudi kwenye chupa zao, mmoja akisoma jina la dawa, mwingine akiliandika.